Nyoka Ndani ya Simu ya Mzee Gidahoda

Simu za siku hizi zinaponitaka nithibitishe kuwa mimi ni mimi, moyo unanienda mbio. Mjukuu wangu Neema huniambia, weka kidole tu bibi. Naweka kidole, simu inakataa, kwa sababu waya na jembe vimekwishanifuta alama za vidole. Anaiinua ione uso wangu, nayo inakataa mpaka nivue kitambaa cha kichwani. Yeye hucheka hadi machozi yakamtoke. Mimi sicheki, kwa sababu nakumbuka siku niliyomnyima mtu simu yake mchana kweupe, nikijua kabisa kwamba ni yake.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mliofungua vibanda vya simu hapa Endasak, kule Katesh, na hata kwetu Bashay nilikozaliwa. Mnabandika vioo, mnauza kava, mnaingiza magemu kwenye simu za watu. Kazi yenu imezaliwa na kazi yangu. Kabla nguzo za umeme hazijatufikia, mimi Mama Paskali ndiye niliyekuwa nikichaji simu za kijiji hiki na za vijiji vya chini bondeni, na watu waliniita Mama Chaji hata kanisani.

Kibanda changu kilikuwa cha mabati, na sola moja juu ya paa, betri mbili za gari chini ya meza na inveta iliyonguruma kutwa nzima. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Wengine tulikuwa tunasahau na kuandika Arusha kwenye bahasha. Sisi tuliowahi kupanga foleni kwa ajili ya sabuni tulishangaa kuona mnadani redio na saa na simu zimemwagwa chini kwenye turubai kama nyanya. Kila mtu alinunua kwanza, akauliza baadaye itachajiwa wapi.

Aliyenifundisha ni fundi redio mmoja wa Mbulu mjini, Mzee Bura, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinifundisha kwamba betri iliyovimba haitafutwi kwa macho. Unailaza juu ya kioo, unaisukuma kwa kidole, na ikizunguka kama pia ujue imekwisha, umwambie mwenyewe kabla hujaichomeka, la sivyo atasema umemuulia wewe. Alinifundisha kwamba simu isiyowaka isikimbiliwe na bisibisi. Toa betri, sugua yale meno ya shaba kwa kifutio cha penseli, halafu jaribu tena. Nusu ya sifa zangu za ufundi zilitokana na kifutio. Na simu iliyoingia maji msiizike kwenye unga. Mama mmoja wa Katesh alisikia kwamba nafaka hunyonya maji, akaifukia simu yake kwenye debe la unga wa mahindi mpaka asubuhi. Nilichokichokoa kwenye tundu la chaji kilikuwa ugali.

Lakini neno alilolirudia Mzee Bura kuliko yote ni kwamba kitu cha mtu kikiwa mkononi mwako bado ni cha mtu. Nililiitikia kila alipolisema. Sikulishika.

Nilikuwa na maoni yangu juu ya simu, na sikuyaficha. Zile za laini mbili zenye spika nne sikuzipenda. Zilipiga kelele kushinda kengele ya parokia, na betri haikufika jioni. Niliipenda simu ndogo ya tochi. Iliangukia mawe, ikakanyagwa na ndama, ikaendelea kuongea. Wafugaji wa bondeni wote walikuwa nazo, nyeusi, za aina moja, kiasi kwamba siku ya mnada mezani kwangu zilikaa thelathini zikifanana kama mayai. Na ndani ya kila moja kulikuwa na ule mchezo wa nyoka anayekula vidoti na kurefuka, mpaka agonge ukuta au ajiume mkia.

Nawasikia wazazi wakilalamika siku hizi kwamba magemu yanawala watoto. Mimi nikisikia hivyo naangalia chini. Nilikuwa mama mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, na nyoka yule alinila. Nilianza kwa kujaribu tu kama vitufe vinafanya kazi. Baadaye nikawa nachagua simu yenye vitufe laini, nacheza wateja wasipokuwepo, na kila simu ilikuwa inatunza namba ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa. Ile namba ndiyo iliyonitia wazimu. Nilikuwa siwezi kuona namba ya mtu nikaiacha pale bila kuipita. Mteja aliporudi siku ya pili akilalamika kwamba chaji imeisha mapema, nilimwambia betri yake imezeeka. Juu ya dirisha, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: SIMU YAKO HAIGUSWI.

Pembeni yake kulikuwa na tangazo jingine: SIMU HAITOLEWI BILA JINA LA MWENYE SIMU. Hilo lilitokana na aibu. Mwanamume mmoja mwenye koti zuri alikuja akanyoosha kidole, akasema ile pale mama, nami nikampa ile pale. Ilikuwa simu ya mwalimu mkuu. Mwalimu alinisema mbele ya watu mpaka nikatamani kuhama. Tangu siku hiyo kila simu niliibandika plasta nyuma, nikaandika jina la aliyeileta, na atakayekuja kuichukua sharti alitaje jina lile. Niliona nimefunga mlango wa wezi wote duniani.

Sasa hiyo siku. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, na watu watano hivi walikuwa wamesimama dirishani. Akaja mwanamke kijana wa Kibarabaig kutoka bondeni, amevaa ile sketi ya ngozi ya mke wa mtu, bangili za shaba mkononi, na mtoto mchanga mgongoni. Vumbi lilimfika magotini. Alinisalimu vizuri, shikamoo mama, nami nikaitika marahaba. Akasema amekuja kuchukua simu.

Nikamuuliza ya nani. Akasema ya nyumbani. Nikamwambia kila simu hapa ni ya nyumbani kwa mtu, anitajie jina. Akasema ni ya mzee wa boma lao, aliileta juzi. Nikamwambia wazee walioleta simu juzi ni wengi, jina. Akaangalia chini, akavuta shuka akafunika mdomo. Nikamuuliza namba ya simu, akasema haijui, simu siyo yake. Wale wa kwenye foleni wakaanza kuguna. Mmoja akasema kwa sauti, mtu gani hajui jina la mzee wa nyumbani kwake. Mimi nikaliona lile koti zuri la mwizi wangu, sasa limevaa ngozi na bangili.

Ndipo akaeleza, kwa Kiswahili cha kukatakata. Binti yake wa kwanza, wa darasa la kwanza, aliugua ghafla jana. Mume wake na mama mkwe wamempeleka hospitali, mbali, na yeye akabaki kwa sababu ya huyu mchanga. Mume aliahidi kwamba atapiga simu asubuhi kusema daktari anataka nini. Bondeni mtandao hakuna, alitakiwa aichukue simu aende kusimama juu kwenye mawe unakoshika. Mimi wakati huo nilikuwa na desturi ya kuzima kila simu inayochajiwa ili ijae haraka. Kwa hiyo yule mume, kama alikuwa anapiga, alikuwa anaambiwa tu kwamba mtu wake hapatikani.

Nikamwambia namsikitikia, lakini sheria ni sheria. Nikamwonyesha tangazo. Hakujua kusoma herufi.

"Mimi najua namba tu," alisema. "Binti yangu alinifundisha. Mama, washa ile simu, fungua nyoka. Utakuta mia nane arobaini na sita. Tunacheza sisi wawili, yeye anabonyeza, mimi namwambia pa kupita. Mtu mwingine nyumbani hachezi."

Mia nane arobaini na sita niliijua. Nilipambana nayo tangu jana yake mchana, na asubuhi ile ile, kabla mteja wa kwanza hajafika, nilikuwa nimeipita. Simu ilikuwa pale mezani, ya tatu kutoka mwisho. Plasta yake ilisema Mzee Gidahoda.

Niliiwasha, kwa sababu watu walikuwa wanasema mfungulie, mfungulie tuone. Nikafungua mchezo. Ilisoma mia nane sabini na tatu. Nikaigeuza ili na wao waone.

"Siyo," nikasema. "Hapa kuna namba nyingine."

Sikusema uongo, na hakuna uongo nilioujutia kuliko ukweli ule. Yule mwanamke alikiangalia kioo kwa muda mrefu. Akasema polepole, "Basi kuna mtu amecheza." Hakunitazama mimi. Alisema tu, kama mtu anayesoma alichokiona. Wale watano walikuwa wananitazama mimi, na juu ya kichwa changu rangi nyekundu ilikuwa inasema simu yako haiguswi. Ningesema neno moja tu, ni mimi mdogo wangu, samahani, chukua, mambo yangekwisha. Niliwaza wateja wataondoka wote. Niliwaza yule mwalimu mkuu. Nikaizima simu nikairudisha mezani.

Alisimama kidogo zaidi, akamweka mtoto sawa mgongoni, akaondoka.

Niliendelea kuhudumia watu. Nilichomeka pini nyembamba kwenye tundu la pini nene mpaka mteja akanishtua. Kila nilipoinua macho niliiona ile simu ya tatu kutoka mwisho. Nilijiambia mume atapiga tena jioni. Nilijiambia labda mtoto ana homa tu.

Baadaye akafika Anna, muuza vitunguu aliyekulia karibu na Basotu pamoja na Wabarabaig. Hakunisalimu hata. Alisema amepishana njiani na mkwe wa Mzee Gidahoda analia, nimemfanya nini. Nikamwambia amekataa kutaja jina.

"Hakukataa, Mama Paskali," Anna alisema. "Yule ni mkaza mwana. Jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwake, hata umchape. Angelitamka angekuwa ameutukana ukoo mzima. Wewe umemtaka amtukane mzee ili umpe simu ya mzee."

Mimi ni Mwiraqw wa Bashay. Nimeishi na Wabarabaig, tumeuziana maziwa na mahindi, tumezikana. Desturi hiyo niliwahi kuisikia, kama unavyosikia habari za nyumba ya jirani, bila kufikiri kwamba siku moja itasimama dirishani pangu. Na hata kama ningekuwa sijaisikia kabisa, bado ile mia nane arobaini na sita ilikuwa kichwani mwangu.

Nikachomoa ile simu nikamwachia Anna kibanda. Nilikimbia na ndala, kanga ikinifunguka, kuelekea njia ya bondeni. Niliiwasha nikiwa nakimbia. Gari la kwenda kule hospitali lilikuwa moja tu kwa siku, na nilipofika barabara kuu nililiona linapita, limejaa, likipiga honi na kupotelea kwenye vumbi. Wakati ule sikujua maana yake. Simu ikalia mkononi mwangu.

Sauti ya mwanamume ikaanza kusema Kibarabaig kwa haraka. Nikamwambia mimi ni mama wa chaji. Akabadili lugha.

"Mke wangu yuko wapi? Nimepiga tangu asubuhi. Mtoto hana damu. Ya kwangu wamepima, haiingii kwake. Mwambie kaka yake apande gari la leo."

Gari la leo lilikuwa bado linatimua vumbi mbele ya macho yangu. Nilitaka kumwambia, lakini simu ilikatika. Nadhani aliazima kwa mtu.

Nilimkuta yule mwanamke kwenye korongo, amekaa kwenye jiwe ananyonyesha. Nilikuwa sina pumzi. Nilimwambia yote aliyosema mume wake, na gari kwamba limepita. Halafu nikasema lile nililoshindwa kusema dirishani, kwamba mia nane arobaini na sita ilikuwa ya kwao kweli, na aliyeipita ni mimi.

Ningependa kuwaambia kwamba alinitukana. Hata hilo lingenisaidia. Aliuliza tu, "Amesema kaka yangu?" Nikasema ndiyo. Akachukua simu, akafunga mtoto mgongoni, akaondoka mbio kuelekea kwa kaka yake, na mimi nikabaki nimesimama korongoni na miguu yenye vumbi.

Kaka yake alifika hospitali siku iliyofuata. Hilo Anna aliniletea habari. Baada ya hapo Anna alitaka kuniulizia zaidi, nikamkataza. Mnaweza kusema ni ujinga, kwenda kuuliza kulikuwa kazi ya nusu siku. Lakini niliogopa. Niliona maadamu sijaambiwa, yule binti yupo mahali fulani anabonyeza vitufe, na siku nitakayoambiwa ndiyo siku nitakayojua nilimgharimu nini kwa mchana ule mmoja.

Nilifuta matangazo yote mawili. Nikanunua shanga mnadani, za rangi nyingi, mbili mbili. Shanga moja nilifunga kwenye simu, ya pili nilimpa aliyeileta, na aliyerudi na shanga yake nilimpa simu yake bila kumuuliza yeye ni nani wala ya nani. Watoto walitumwa, wake walitumwa, bubu mmoja wa Jorodom alikuja mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mzee Bura alipopita kunitembelea aliziangalia zile shanga, akauliza kwa nini sikufikiria hivyo tangu mwanzo. Na ninyi siku hizi mna namba za siri na maswali ya siri, jina la mama yako, jina la babu yako. Mnapoyapanga hayo maswali, kumbukeni kuna mtu anayejua jibu na bado hawezi kulisema.

Na nyoka sikumgusa tena kwenye simu ya mtu yeyote. Isipokuwa moja.

Baada ya wiki kama tatu Mzee Gidahoda alileta simu yake mwenyewe, na fimbo yake, na shuka lake. Nilimwamkia shikamoo mzee. Nikamuuliza nyumbani hawajambo. Akasema, "Tupo." Neno hilo moja tu. Mtu aliyefiwa na mjukuu husema tupo, na ambaye hakufiwa husema tupo. Sikudiriki kumuuliza zaidi. Alipokwenda mnadani niliifungua ile simu, nikafungua nyoka. Mia nane sabini na tatu. Namba yangu ilikuwa imekaa pale pale nilipoiacha.

Akaja mara ya pili, baada ya mwezi. Tupo. Mia nane sabini na tatu. Nilianza kushindwa kula. Padri aliniuliza kwa nini nimeacha kwaya, nikamwambia kifua. Akaja mara ya tatu, mvua zimeanza, akakaa kwenye benchi langu kusubiri, tukaongea habari za malisho na mbegu, na muda wote nilikuwa naangalia mikono yake nikitafuta dalili ya msiba, kana kwamba msiba huandikwa mikononi. Namba ilikuwa ile ile. Nikajiambia, yule mama alisema mtoto ndiye anayebonyeza.

Mara ya nne alikuja asubuhi, ukungu umeufunika mlima Hanang mpaka chini. Nilimpa shanga ya bluu, nikafunga ya pili kwenye simu. Safari hii sikusubiri aondoke. Nilimpa mgongo kidogo, nikaiwasha, nikafungua.

Elfu moja na nane.

Nilisoma mara tatu, kidole kikipita juu ya kila tarakimu kama mtoto wa darasa la kwanza. Machozi yalianguka juu ya kioo nikayafuta kwa kanga. Nyuma yangu mzee akaniuliza kama betri imekuwa mbovu.

"Hapana mzee," nikamwambia. "Ni nzima."

Nikaizima, nikaichomeka kwenye waya mzuri kuliko yote niliyokuwa nayo, na sikujaribu kuipita.